Kuangalia IP yako na kupima kama DNS inavuja: njia nne, na ipi inamfaa nani hapa Goma

Watu wengi hapa Goma wana VPN kwenye simu siku hizi, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia iliyosimbwa hadi seva ya mbali: waandishi wa habari, wafanyakazi wa ONG, wanafunzi, wafanyabiashara wa Birere. Wanaiwasha, alama ya ufunguo inatokea juu ya skrini, kazi inaendelea. Alama hiyo inakuambia kitu kimoja tu, kwamba programu ya VPN imewaka. Haikuambii kama tovuti bado zinaiona anwani yako ya kweli, wala majina ya tovuti unazofungua yanaulizwa kwa nani. Hayo mawili inabidi uyapime mwenyewe. Njia za kupima ni nyingi na kila moja inajisifu, kwa hiyo hapa ninaziweka nne bega kwa bega.

Kwanza tuelewane tunapima nini.

Anwani ya IP ya umma ni namba ambayo tovuti inaiona unapoifungua. Usiichanganye na ile iliyo kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu, inayoanza na 192.168 au 10. Hiyo inatumika ndani ya nyumba au ofisi tu. Anwani za IPv4, yaani za aina ya zamani, kwa jumla ni kama bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Ndiyo maana kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ukikuta kwenye simu au ruta namba iliyo kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya mpango huo, na mtu usiyemjua huko Himbi anaweza kuwa anatoka na IP ileile uliyo nayo wewe.

DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kila unapoandika jina, kifaa kinaiuliza seva ya DNS kabla ya kitu kingine chochote. Bila VPN, swali hilo kwa kawaida linakwenda kwa seva ya kampuni yako ya simu. VPN ikifanya kazi sawasawa, swali linapita ndani ya njia yake iliyosimbwa. Likipita pembeni, tunasema DNS inavuja: ni kama mtu aliyejifunika uso asijulikane anakokwenda, halafu kila kona anamuuliza njia jirani yake. Tovuti inakuona uko Uholanzi, na kampuni ya simu bado inasoma jina la kila tovuti unayofungua.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia nimeiuliza mambo manne. Inaonyesha nini, na nini kinaipita? Inakula mega kiasi gani, na inataka kifaa gani? Nani anabaki na habari zako baada ya kupima? Na jibu lake linasomeka na mtu wa kawaida, au linataka fundi? Suala la mega si dogo kwetu. Mtu aliyenunua mega za siku moja hawezi kuzimaliza kwenye ukurasa uliojaa matangazo.

Kabla hujachagua njia yoyote, shika kanuni hii: pima mara mbili, kwanza VPN ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, na uandike majibu yote mawili. Jibu moja peke yake linadanganya. Mfano ni DNS yenyewe. Ukipima VPN ikiwa imewashwa na kuona seva za Google, je, umevujisha? Inategemea. Kama hata bila VPN ulikuwa unaona Google, kwa sababu mtu aliweka 8.8.8.8 (anwani ya DNS ya Google) kwenye ruta au kwa sababu mtandao wako unayapeleka maswali huko, basi huenda hakuna kilichobadilika na swali bado linapita njia ya zamani. Kama bila VPN uliona seva za kampuni ya simu, na sasa unaona za Google tu, huenda mwenye VPN ndiye anayezitumia. Tofauti kati ya majibu mawili ndiyo inayokupa habari.

Jambo la pili ni letu sisi wa mpakani. Wengi wana kadi mbili, ya Kongo na ya Rwanda, na simu inachagua rezo (mtandao) yenye nguvu. Ndipo unasikia mtu akiuliza: "Ndugu, mbona mimi niko Birere na hii inasema niko Kigali?" Hakuna aliyemvamia. Kadi ya Rwanda inampa anwani ya Rwanda. Kinyume chake, ukivuka mpaka wa Petite Barrière kuingia Rwanda na kadi ya Kongo ukitumia rominigi, kwa kawaida data inarudi kwanza kwa kampuni yako, na anwani inabaki ya Kongo. Hata jina la mji usiliamini sana: mtu wa Goma anaweza kuandikiwa Kinshasa, kwa kuwa hifadhidata hizi zinafuata mahali anwani iliposajiliwa au inapotokea. Kwa hiyo kabla ya kupima, zima kadi moja. Ukiacha zote mbili, utalinganisha vitu viwili tofauti bila kujua.

Njia ya 1: kurasa zinazotaja anwani tu

Hizi ni kama icanhazip.com na ifconfig.me. Unafungua, unaona namba, umemaliza.

*Inaonyesha nini.* Anwani ya umma ambayo kivinjari chako kimetoka nayo, basi. Kuhusu DNS haisemi neno. Hapa ndipo wengi wanaponaswa: wanaona anwani imebadilika kuwa ya Ulaya na kufurahi, kumbe nusu ya swali haijaguswa. Tena, kama mtandao wako una IPv4 na IPv6 (aina mpya ya anwani), ukurasa unaweza kukuonyesha moja na kuificha nyingine, na kuna VPN zinazobeba IPv4 tu huku IPv6 ikitoka wazi.

*Mega na kifaa.* Ni nafuu sana. icanhazip.com inarudisha mstari mmoja wa maandishi, hauna picha wala tangazo. Inafanya kazi kwenye simu yoyote yenye kivinjari.

*Nani anabaki na habari.* Mwenye ukurasa anaiona anwani yako, kama tovuti nyingine yoyote inavyoiona. icanhazip.com iko mikononi mwa kampuni ya Cloudflare tangu 2021.

*Kusomeka.* Mtoto wa shule anaweza.

Inamfaa anayetaka kujua haraka kama VPN imeshika, au anayeombwa na fundi wa ofisi: "Nitumie IP yako nikufungulie."

Njia ya 2: kurasa za kupima uvujaji

Hapa kuna dnsleaktest.com, ipleak.net na browserleaks.com. Zinatumia ujanja mmoja ambao ukiuelewa utajua pia mipaka yake. Ukurasa unatunga majina ambayo hayajawahi kuwepo, yenye herufi za kubahatisha, na kukilazimisha kivinjari chako kiyatafute. Kwa kuwa majina ni mapya, hakuna seva ya DNS yenye jibu lililohifadhiwa. Lazima iende kuuliza kwa mwenye jina, ambaye ni ukurasa huohuo. Seva hiyo inapouliza, mwenye ukurasa anaandika: nimeulizwa na seva fulani, ya kampuni fulani, ya nchi fulani. Orodha hiyo ndiyo unayoonyeshwa.

*Inaonyesha nini.* Seva za DNS zilizokuulizia, pamoja na anwani yako ya umma. dnsleaktest.com ina jaribio fupi la maswali 6 na jaribio refu la maswali 36. Chagua refu, kwa sababu uvujaji mwingine hutokea mara moja moja. Windows, tangu toleo la 8, huweza kupeleka swali moja kwenye miunganisho yote kwa pamoja, na maswali machache yanaweza kukosa kuonyesha seva inayojibu kwa nadra. ipleak.net inaongeza IPv6 na WebRTC, yaani ile teknolojia ya simu za video ndani ya kivinjari ambayo mwaka 2015 ilijulikana sana kwa kufichua anwani za watu walio nyuma ya VPN. browserleaks.com inagawa kila jambo kwenye ukurasa wake.

Kinachozipita ni kila kilicho nje ya kivinjari. Kama kivinjari chako kina DNS yake iliyosimbwa, jaribio litakuonyesha hiyo, huku programu nyingine za simu zikiuliza kwa kampuni ya simu kama kawaida. Ukurasa utasema uko salama, na kwa kivinjari hicho utakuwa umesema kweli.

*Mega na kifaa.* Zinakula zaidi ya njia ya 1, lakini si za kutisha. Kivinjari cha kawaida kinatosha, simu au kompyuta. Rezo ikiwa dhaifu, jaribio refu linaweza kukatika katikati. Rudia, usikubali orodha isiyokamilika.

*Nani anabaki na habari.* Mwenye ukurasa anapata anwani yako na seva zako za DNS kwa pamoja, na inafaa ujue ni nani. ipleak.net ni ya AirVPN na dnsleaktest.com ni ya IVPN, kampuni mbili zinazouza VPN. Hilo halifanyi vipimo vyao kuwa vya uongo. Kuna pia kampuni za VPN zenye ukurasa wa kuwapima wateja wao, kama Mullvad. Ni mzuri kwa haraka, ila tangazo la "umelindwa" ulithibitishe kwa ukurasa wa mtu mwingine.

*Kusomeka.* Hapa panahitaji utulivu. Uliweka 8.8.8.8, lakini orodha inakuonyesha namba zinazoanza na 74.125 au 172.253. Usiogope: seva ya Google unaiuliza kwa mlango mmoja, nayo inatoka kwenda kuulizia kwa milango mingine, na ukurasa unaona ule wa kutokea. Nchi iliyoandikwa mbele ya seva ni ya seva, haikuhusu wewe. Tafuta kitu kimoja: jina la kampuni yako ya simu au la mtoaji wa intaneti wa ofisini. Likionekana VPN ikiwa imewashwa, DNS inavuja.

Inamfaa mtu yeyote mwenye simu na anayetaka jibu la swali lote kwa mara moja. Waandishi wa habari wengi wangeishia hapa na wasikose kitu kikubwa.

Njia ya 3: amri kwenye terminali

Kwenye Windows fungua dirisha la amri; kwenye Android kuna programu ya Termux, lakini humo iamini amri ya kwanza tu, kwa sababu nslookup yake inauliza seva iliyoandikwa kwenye faili lake yenyewe, si ile ya mfumo wa simu. Amri mbili zinatosha. Ya kwanza inatoa anwani:

curl https://icanhazip.com

Windows 10 inakuja na curl yake tangu toleo la 2018. Ukiongeza -4 au -6 unalazimisha aina ya anwani, na hapo IPv6 iliyojificha inajitokeza. Amri ya pili inaonyesha DNS:

nslookup -type=txt o-o.myaddr.l.google.com

*Inaonyesha nini.* Jina hili linashughulikiwa na Google kwa namna ya pekee: jibu lake ni anwani ya seva iliyouliza. Kwenye Windows ya Kifaransa utaona kwanza jina la seva uliyoiuliza, kisha "Réponse ne faisant pas autorité", halafu chini yake neno text na namba ndani ya alama za kunukuu. Namba hiyo ndiyo seva iliyokwenda kukuulizia. Wakati mwingine unatokea mstari wa pili unaoanza na edns0-client-subnet, ukifuatwa na kitu kama 203.0.113.0/24. Usome huo kwa makini. Unamaanisha kwamba seva yako ya DNS imetuma mbele sehemu ya kwanza ya anwani yako pamoja na swali. Kama sehemu hiyo inafanana na anwani uliyoandika VPN ikiwa imezimwa, una shida, hata kama jina la kampuni ya simu halionekani popote.

Tofauti na njia ya 2, hapa unapima seva ya DNS iliyopangwa kwenye mfumo wa kompyuta, si kivinjari. Hilo ni zuri kwa sababu programu nyingi hupita njia hiyo. Lakini haioni WebRTC wala DNS ya ndani ya kivinjari, na swali moja ni swali moja: rudia mara kadhaa.

*Mega na kifaa.* Ni kilobaiti chache. Rezo ikiwa imelemewa kiasi kwamba kurasa hazifunguki, hizi bado zinaweza kupita. Kompyuta inarahisisha; kwenye simu kuandika amri ndefu ni kazi.

*Nani anabaki na habari.* Wachache: mwenye icanhazip.com, na Google inayoona seva iliyouliza.

*Kusomeka.* Inataka mazoea kidogo. Na kuna mtego: mitandao mingine hukamata maswali yote ya DNS yanayopita mlango 53 (port, ule wa DNS ya kawaida) na kuyajibu yenyewe, hata ukiwa umeyaelekeza kwingine. Ukijaribu VPN ikiwa imezimwa kuuliza kwa 9.9.9.9 (seva ya DNS ya Quad9) moja kwa moja, na bado jibu likakutajia seva ya kampuni ya simu, umeugundua mtandao wa namna hiyo.

Inamfaa fundi, mwanafunzi wa informatiki, na mtu wa ONG anayehudumia kompyuta za wenzake. Ni rahisi pia kuiweka kwenye faili ijiendeshe yenyewe kila asubuhi.

Njia ya 4: kunasa pakiti

Njia tatu za mwanzo zote zinamuuliza mtu wa nje: "Wewe unaniona vipi?" Hii inasimama mlangoni kwako na kutazama kinachotoka. Vifaa vyake ni tcpdump kwenye Linux na Wireshark kwenye Windows.

*Inaonyesha nini.* Kila pakiti (kipande cha data) inayoondoka, ya programu yoyote, wakati wowote. Chagua muunganisho wa kweli wa Wi-Fi au waya, usichague ule wa VPN wala "any", la sivyo utaona maswali yanayopita ndani ya VPN na kudhani yanavuja. Kwa mfano, kama seva ya VPN ni 198.51.100.7 na muunganisho wa Wi-Fi unaitwa wlan0:

sudo tcpdump -ni wlan0 not host 198.51.100.7

VPN ikiwa imekamilika, utabaki na kelele ndogo za mtandao wa ndani tu. Ukiona mistari inayokwenda mlango 53, hiyo ni DNS tupu, na jina la tovuti utalisoma humo kwa macho yako. Mlango 853 ni DNS iliyosimbwa inayopita pembeni.

Nguvu yake kubwa ni kuona yanayotokea wakati wa mpito. Hapa umeme unakatika, ruta inazima, kompyuta inahamia mtandao wa simu, kisha inarudi. Katika sekunde hizo VPN inajiunganisha upya, na ndipo maswali hutoroka. Mei 2024 Mullvad walieleza kwamba Android inaweza kuvujisha DNS VPN inapojipanga upya au inapokufa ghafla, hata kama umewasha kizuizi cha kukataa muunganisho usiopita VPN. Ukurasa uliofunguliwa dakika mbili baadaye hauwezi kuona hilo.

*Mega na kifaa.* Kunasa kwenyewe hakuli mega. Lakini unahitaji kompyuta na ruhusa ya msimamizi. Kwenye simu kuna PCAPdroid, ila bila ruti (ruhusa kamili ya mfumo wa simu) inatumia nafasi ileile ya VPN ya Android, kwa hiyo haikai pamoja na VPN unayotaka kuipima. Dawa yake ni kuifanya kompyuta igawe intaneti kwa Wi-Fi, simu iunganishwe humo, nawe unase kwenye kompyuta.

*Nani anabaki na habari.* Hakuna mtu wa nje. Lakini faili unayohifadhi ina majina ya tovuti zote zilizotoka wazi. Ifute ukimaliza, na usinase kwenye mtandao wa watu wengine bila ridhaa yao.

*Kusomeka.* Ngumu kuliko zote. Na haikutajii anwani yako ya umma; hiyo utaipata kwa njia ya 1.

Inamfaa mwenye jukumu la usalama wa wengine: fundi wa redio, wa ONG, wa shirika la haki za binadamu.

Yasiyoonekana kwa njia yoyote kati ya hizi

Hata vipimo vyote vikitoka safi, kampuni ya simu inajua namba yako, antena iliyokupokea, saa na kiasi cha data. Tovuti uliyoingia kwa jina lako inakujua kwa jina lako. Na intaneti ikifungwa kabisa, kama ilivyofungwa nchini Kongo kuanzia mwisho wa Desemba 2018 hadi Januari 2019, hakuna VPN ya kupima.

Uchague ipi

Una simu tu na mega kidogo: anza na icanhazip.com mara mbili, VPN ikizimwa na ikiwashwa. Namba isipobadilika, simama hapo. DNS usiihangaikie kabla VPN yenyewe haijashika. Ikibadilika, fanya jaribio refu la dnsleaktest.com.

Unalinda chanzo cha habari au mtu aliyekuamini: ipleak.net kwa sababu ya IPv6 na WebRTC, kisha rudia baada ya kuhama kutoka Wi-Fi kwenda mtandao wa simu. Kwenye Android washa VPN ya kudumu pamoja na kuzuia muunganisho usiopita VPN, halafu angalia "DNS privé" kwenye mipangilio: ikiwa imeandikwa jina la kampuni fulani, jaribio litaonyesha kampuni hiyo, na hapo uamue kama unaiamini kuliko mwenye VPN wako. Ukiweza, mwombe fundi akupimie simu hiyo mara moja kwa njia ya 4.

Unahudumia kompyuta za ofisi: njia ya 3 kwa kila siku, njia ya 4 kila unapobadilisha VPN au ruta. Kompyuta ya Windows inayovuja, jaribu kwanza kuizimia IPv6 kwenye muunganisho wa kweli. Kama unatumia OpenVPN, ongeza block-outside-dns kwenye faili lake la mipangilio, kisha upime tena.

Una duka la intaneti lenye mashine nyingi: pima ruta, usipime kila mashine. Tumia njia ya 2 kwenye mashine moja isiyo na VPN, uone seva gani ya DNS inawahudumia wateja wako, kisha uibandike ukutani pamoja na jina la kampuni inayoimiliki, ili anayekaa kwenye kiti ajue nani anasoma majina ya tovuti anazofungua.